Mtoto Aliyesoma Kabla ya Kusema



Nimesomesha katika shule za msingi hapa Mombasa kwa muda wa miaka 34, na tangu nilipostaafu hazipiti siku nyingi ila mzee mwenzangu au mama wa jirani hunijia na mtoto mkononi akitaka shauri. Aghalabu hunijia kwa kuwa mtoto hataki kusoma. Leo nataka kusimulia habari ya mtoto aliyependa kusoma kupita kiasi, naye ni mjukuu wangu mwenyewe, mwana wa binti yangu. Pamoja na habari ya mtoto mwingine ambaye hakuwa wangu, lakini aliwekwa amana mikononi mwangu. Majina yao sitayataja.

Mjukuu wangu alizijua herufi zote kabla hajatimiza miaka miwili na nusu. Hakufundishwa na mtu. Alizitoa kwenye mifuko ya unga, kwenye vibao vya nambari za magari, na kwenye matatu zipitazo Makadara. Nikimbeba begani kwenda msikitini alikuwa akinyoosha kidole na kuzitaja moja moja, kama mtu anayeamkiana na jamaa zake njiani. Siku moja, alipokuwa na miaka mitatu na ushei kidogo, nilikuwa barazani nasoma gazeti naye amenikalia mapajani. Akakisoma kwa sauti kichwa cha habari cha ukurasa wa kwanza, neno baada ya neno, bila ya kukwama. Nikamwita bibi yake aje asikie, naye akaja mbio na unga wa chapati mikononi.

Tangu siku ile mtoto hakupumzika. Kila mgeni aliyeingia nyumbani nilimwita mtoto nikampa kitabu: "Soma, baba." Mtoto akasoma, mgeni akasema Mashaallah, na peremende ikatoka mfukoni. Mwalimu wake wa chuo naye alifurahi, maana mtoto aliimaliza alifu na be kwa siku chache, akaanza kuunga maneno ya Juzuu ya Amma wakati wenzake wa umri ule wangali wakilia kutaka kurudi kwao. Walikwishaanza kumwita "sheikh mdogo," na mimi nilipolisikia jina hilo, sikosi kusema kweli, kifua kilinijaa.

Binti yangu hakuwa na furaha ile. Usiku mmoja aliniambia: "Baba, huyu mtoto anasoma, lakini hasemi na mimi."

Ilikuwa kweli. Akiitwa jina lake hakugeuka. Akiulizwa "Unakwenda wapi?" alijibu "Unakwenda wapi." Na alipotaka maji hakusema "Nataka maji." Alisema: "Unataka maji?" Hayo ndiyo maneno aliyozoea kuyasikia kwa mama yake anapoletewa kikombe, na aliyasema kwa sauti ile ile ya kuuliza. Mgeni asiyejua humjibu kwa adabu, "Ahsante, mimi sina kiu," na mtoto akaangua kilio. Viatu vya wageni alivipanga safu barazani, na ole wake atakayekiondoa kimoja. Mashine ya kusagia nazi ikilia, alikimbilia uvunguni mwa kitanda.

Nikamjibu binti yangu kwa kiburi cha mwalimu: "Mtoto asomaye gazeti ana kasoro gani hata apelekwe kwa daktari?" Nikamtajia Nabii Musa, alayhi ssalaam, na uzito wa ulimi wake ambao haukumzuia utume. Niliyoyasema yalikuwa ya kweli, lakini niliyatumia kumnyamazisha mama mwenye wasiwasi wa haki. Miezi mitano ikapotea hivyo.

Wengine nao walikuwa na lao. Wakweze walisema ni jicho la watu, kwa kuwa babu alimtangaza mno, na katika hilo la kutangaza sikuwa na la kujitetea. Wengine walisema ni jini, wakaleta kombe. Mimi sina neno na dua. Mtoto tulimwombea nasi tungali tukimwombea, lakini kombe halipimi masikio. Na wako waliosema ni kosa la mama mtu, ati amemlea kwa simu. Lawama hii ya kumtupia mama si ngeni wala si ya huku kwetu peke yake. Marekani nako, mwaka 1967, Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima kikiwalaumu wazazi wa watoto wa namna hii, akina mama hasa, kuwa ubaridi wa mapenzi yao ndio ulioleta balaa. Elimu imekwisha kulikataa neno hilo, lakini kabla halijakataliwa liliwaliza akina mama wengi.

Hapa nieleze jambo ambalo mimi, mwalimu wa Kiswahili, ilinipasa nilione mapema. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi: herufi hufuata sauti, na aliyekwisha kuzijua silabi aweza kulisoma neno lolote, hata asilopata kulisikia, hata lisilokuwa na maana yoyote kwake. Chuoni nako ndivyo. Mimi nilikhitimu Msahafu nikiwa na miaka 10, na maana yake nilianza kuijua ukubwani. Hilo si aibu, lina thawabu zake na lina mahali pake. Ila katika nyumba zetu mtoto asomaye pasipo kufahamu hawezi kujulikana kwa urahisi. Huonekana sawa na watoto wote, tofauti yake ni kwamba amewatangulia. Tulikuwa tukisikia sauti yake ikisoma, tukadhani tunaisikia akili yake ikifahamu.

Mwishowe binti yangu hakunitaka shauri tena. Alimchukua mtoto akampeleka kliniki moja, nami nikawafuata. Tulingoja tangu saa mbili asubuhi hata saa sita. Tulipoingia, kazi yote haikufika robo saa. Mkaguzi alikuwa na karatasi ya maswali ya ndiyo na siyo: huitika jina? hutazama machoni? hunyoosha kidole kukuonyesha kitu? Wakati huo mtoto alikuwa amesimama mbele ya tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani, analisoma kwa sauti tangu juu hata chini, na alipolimaliza akalianza tena. Aliitwa mara tatu, hakugeuka. Mkaguzi akaandika neno moja, usonji, akatwambia kuwa mtoto huyu hatafaa katika shule ya kawaida, kisha akamwita mwingine.

Binti yangu hakulia pale. Alilia ndani ya tuktuk.

Usonji, kwa asiyelijua neno hili, ni hali ya maumbile ya ubongo. Si wazimu, wala hauambukizi. Mtu huzaliwa nao, ukamfanya aone taabu katika mazungumzo na katika kutangamana na watu, akashikilia mambo machache kwa nguvu, na pengine akaudhiwa na sauti au mwanga ambao sisi hatuujali. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeieleza hali hii katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1943, kwa habari za watoto 11. Wa kwanza katika hao alikuwa Donald Triplett wa mji wa Forest, jimbo la Mississippi. Tangu utoto mdogo aliijua alfabeti kutoka mwanzo kwenda mwisho na kutoka mwisho kurudi mwanzo, na alipotaka kitu alikitaja kwa "wewe" mahali pa "mimi." Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini miwani. "Unataka maji?" ya mjukuu wangu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla mimi sijazaliwa.

Usiku wa siku ile ya kliniki sikupata usingizi, na aliyeninyima usingizi hakuwa mjukuu wangu.

Mwaka 1988 nilikuwa nikisomesha darasa la pili. Alikuwapo kijana mmoja, mwana wa mchukuzi wa bandarini, aliyekisoma kitabu cha darasa la saba kana kwamba anakunywa maji. Siku moja nilimsimamisha asome kisa kifupi, akakisoma vizuri kuliko nisomavyo mimi. Nikamwuliza: "Nani alikwenda sokoni?" Akajibu: "Nani alikwenda sokoni." Darasa likacheka. Nikamwuliza tena, akarudia tena, na safari hii aliichukua hata sauti yangu. Nikaona ananifanyia stihizai mbele ya watoto. Nilimpiga viboko vinne. Kengele ikilia alikuwa akiziba masikio na kujikunyata, nami nikasema anakwepa kazi. Katika ripoti ya mwisho wa mwaka niliandika neno moja: "Mjeuri." Muhula uliofuata baba yake alimwondoa shuleni, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliona nimepumzika.

Naweza kusema kwamba zama zile viboko vilikuwa desturi, kwani serikali haikuvipiga marufuku mashuleni hata mwaka 2001. Naweza kusema kwamba neno usonji sikuwa nimelisikia. Lakini vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilikwisha kuanzishwa katika Kenya tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, na mimi nilijua kuwa viko. Sikuuliza hata kilicho karibu kiko wapi. Yule mkaguzi aliandika neno moja juu ya mjukuu wangu kwa robo saa. Mimi nilikuwa na mwana wa mtu mwaka mzima, na neno langu lilikuwa baya zaidi.

Basi asubuhi yake nilimwambia binti yangu kwamba tutampima mtoto upya, na mara hii majibu yakiwa yale yale tutayapokea. Tulianza na masikio, kwani mtoto asiyesikia vyema huonekana kama asiyejali, na wengi walioitwa wakaidi walikuwa na maji tu nyuma ya kiwambo cha sikio. Masikio ya mjukuu wangu yalikuwa mazima. Kisha tukapata mtaalamu wa lugha na matamshi, mama mmoja mtulivu, ambaye siku ya kwanza hakutaka kuandika kitu. Aliketi mkekani na mtoto muda wa saa nzima. Akatuita tena wiki iliyofuata, na tena baada ya hapo, na safari ya tatu alikuja mwenyewe nyumbani kumtazama akicheza.

Aliyoyatazama hayakuwa kusoma kabisa. Alitazama kama mtoto humletea bibi yake kitu ili wakitazame pamoja. Alimwona akimnywesha chai ya uongo simba wa mpira, kisha akampangusa mdomo. Alimwona akiificha miwani ya bibi chini ya mto na kumchungulia usoni, aone atacheka au atakasirika. Mambo hayo sisi tulikuwa tukiyaona kila siku tukayahesabu kuwa utundu, na kwenye kliniki hakuna aliyetuuliza. Akatufahamisha kwamba maswali ya namna ile tuliyoulizwa ni chekecheo la kwanza tu, na kwamba karatasi mashuhuri ya namna hiyo imetungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Mtoto wetu alikuwa amepita miezi 40. Chekecheo hukuonyesha nani atazamwe zaidi, halikati hukumu.

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alimwambia mtoto: "Mpe babu kalamu." Mtoto akasema: "Mpe babu kalamu," akaendelea na yake. Akamwambia tena, ikawa vile vile. Mama yule akachukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa, MPE BABU KALAMU, akaisukuma mbele yake bila ya kufungua kinywa. Mtoto akasoma. Akanitazama. Akainuka, akaichukua kalamu mezani, akaniwekea mkononi.

Kumbe mlango wa sikio ndio uliokuwa mzito, na wa jicho uko wazi. Tulikuwa tukiyatumia maandishi kama mchezo wa kuwafurahisha wageni, na hali ndiyo njia ambayo tungeweza kumfikia.

Jambo hili la mtoto kusoma mapema mno kupita kiasi cha umri wake na cha maneno yake lina jina, haipaleksia, nalo lilitumiwa kwanza na Norman na Margaret Silberberg huko Marekani mwaka 1967. Daktari Darold Treffert wa Wisconsin, aliyefariki mwaka 2020, aliwagawa watoto hao mafungu matatu katika makala yake ya mwaka 2011. Fungu la kwanza ni watoto werevu waliosoma mapema na hawana zaidi ya hilo. La pili ni watoto wenye usonji, ambao kusoma ni kipaji kimoja ndani ya hali hiyo. La tatu ni watoto wenye dalili zifananazo na usonji, lakini ambao dalili hizo hupungua kadiri wanavyokua, na tangu mwanzo huwa na mapenzi na watu wa nyumbani kwao. Si wataalamu wote wanaoukubali mgawanyo huu, na haipaleksia yenyewe si ugonjwa ulioandikwa katika vitabu vya kupimia vya madaktari. Tena inapasa wazazi wajue kwamba wengi wa watoto wa haipaleksia walioelezwa katika tafiti walikuwa na usonji kweli. Nasema hivi makusudi, kwa sababu nawajua akina baba ambao wakilisikia fungu la tatu watalikamata kwa mikono miwili wasitake kusikia jingine. Mimi nilikuwa mmoja wao. James Webb na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 2005 juu ya watoto wenye vipaji wanaopewa majina ya magonjwa yasiyo yao, wameeleza pia kwamba mtoto mmoja aweza kuwa na vyote viwili, kipaji na tatizo, na kimoja kikakifunika kingine.

Nilimwuliza mama yule mwisho wa safari ya tatu: mtoto huyu yuko katika fungu gani? Akanijibu: "Mzee, nipe muda. Hizo dalili alizoziona mwenzangu zipo, hakuziota. Tumsaidie kusema sasa, na tumtazame tena akiwa na miaka mitano. Msaada wake haungoji jina." Nilitoka pale nimeudhika kidogo, kwa kuwa nilikwenda kutafuta jina.

Msaada wenyewe ulikuwa wa kalamu na kadi. Kadi moja ilikuwa na picha ya mtoto na neno NATAKA. Ya pili ilikuwa na picha ya mama yake na neno UNATAKA. Kila alipotaka kitu tulimwonyesha kadi yake kwanza. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili miaka yote ile, na sikupata kujua kwamba kati ya "na" na "una" pana bonde ambalo mtoto aweza kushindwa kulivuka. Wiki zikapita. Asubuhi moja aliingia jikoni peke yake, bila ya kadi, akasema: "Nataka maji." Bibi yake alimpa maji, kisha akaenda chumbani akafunga mlango.

"Nani" na "wapi" zilifuata. "Kwa nini" ilichelewa sana, ikaja alipokaribia miaka mitano, na tangu ilipokuja haijaondoka. Hivi sasa naulizwa kwa nini bahari ina chumvi na kwa nini imamu wetu hukohoa. Alipimwa tena alipofika mitano, na tena sita, kwa saa nyingi, na watu wawili tofauti. Wote wawili walisema kwamba hana usonji. Leo ana miaka 7 na yuko gredi ya pili katika shule ya kawaida, ile ambayo tuliambiwa hatafaa kuingia. Mashine ya kusagia bado haipendi, na viatu vya wageni bado huvipanga, ila siku hizi husema, "Babu, hiki cha nani?"

Lau wangalisema kwamba anao, je? Swali hili nalirudia mara nyingi. Donald Triplett alikuwa nao, na jina lake ndilo la kwanza katika makala ile. Naye alihitimu chuo kikuu, akafanya kazi benki, akaendesha gari lake, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89 katika mji ule ule uliomlea, na watu wake wakimjua na kumpenda. Kadi zetu zingalikuwa zile zile, na mtoto angalikuwa yule yule. Robo saa ile ya kliniki ilituumiza kwa sababu ilitwambia mtoto hatakuwa nini, na haikutwambia tufanye nini kesho asubuhi.

Mwaka jana nilimtafuta yule mwanafunzi wangu wa 1988. Haikuwa kazi ngumu, mji wetu si mkubwa hivyo. Yuko katika duka la ndugu yake la vipuri vya magari, upande wa Mwembe Tayari. Amepita miaka 40. Ndugu yake alinambia kwamba duka halina daftari la vitu: kila boksi liko wapi na limebaki na vipuri vingapi, huulizwa yeye. Hajapimwa na mtu maisha yake yote. Nilikwenda na mjukuu wangu, maana nilihitaji mkono wa kushika.

Nilimwamkia, nikajitaja jina. Hakunitazama. Nikamwambia: "Niwie radhi, mwanangu, kwa viboko vile."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti yangu: "Niwie radhi, mwanangu, kwa viboko vile."

Sikujua kama ni jibu. Nilisimama pale na kofia yangu mkononi. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuniacha, yuko mbele ya rafu anasoma maandishi ya maboksi kwa sauti. Yule bwana akamsogelea, na wote wawili wakaendelea kusoma, mmoja rafu ya juu na mmoja ya chini, hata ikaadhiniwa alasiri.